Kijana Akizimia Uwanjani, Acheni Kusema "Ni Jua Tu"

Wasee, leo sitaki kuchekesha mtu.

Juzi jamaa yetu alianguka uwanjani hapa Hulugho. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa anakimbia, mara puu, chini. Dakika moja tu kila mtu alikuwa daktari. "Ni jua." "Hajakula." "Ni miraa hiyo." Hooyo mmoja akasema ni jini. Jamaa akamwagiwa maji, akaamka, akacheka, akaenda nyumbani. Story ikaisha.

Kwangu haijaisha. Jioni aliniambia moyo wake huwa unakimbia ovyo, na si mara ya kwanza kuzimia. Alishawahi kwenda kuonwa, akaambiwa, "Wewe ni kijana, moyo wako uko sawa." Hakuna kipimo hata kimoja.

Huo ni utabiri, si matibabu.

Mimi si daktari, hata chuo sikumaliza. Lakini kusoma najua. Upande wa kushoto wa moyo kuna vali inaitwa mitrali, kama mlango wa pande mbili. Kwa watu kama 2 au 3 katika kila 100, mlango huo umelegea na unabonyea kwa nyuma moyo ukijikaza. Wengi wao watazeeka bila shida yoyote, kwa hivyo usianze kuandika wasia. Lakini kwa wachache, vali hiyo inavuta msuli wa moyo kila pigo, msuli unapata makovu, na makovu yanavuruga umeme wa moyo. Mapigo yakivurugika vibaya, damu haifiki kwenye ubongo. Unazimia. Kuna anayezimia na haamki tena.

Na aliyetufungua macho kuhusu vali hii ni daktari wa hapa Afrika, John Barlow wa Johannesburg. Mwaka 1963 alionyesha kwamba kuna "tik" fulani inayosikika kifuani ambayo hutoka kwenye vali ya mitrali. Kabla yake madaktari wengi walisema sauti hiyo inatoka nje ya moyo, haina maana. Yaani hata wao walikuwa na "ni jua tu" yao.

Mtaniambia joto la huku linaangusha mtu yeyote. Kweli. Njaa pia, upungufu wa damu pia, na miraa inakimbiza moyo. Lakini utajuaje ni ipi bila kupima? Mtu akizimia katikati ya mbio, au kwa familia yao kuna kijana aliyekufa ghafla, hapo hakuna kubahatisha.

Mashine ya ECG ni ndogo, inabebeka, na kuna zinazotumia betri. Unabandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, dakika chache umemaliza. Haionyeshi kila kitu, picha ya eko ndiyo inaonyesha vali yenyewe, lakini ndiyo mwanzo. Kwa mtu wa Hulugho, kuambiwa "nenda Garissa" ni safari ndefu ya vumbi, na mvua ikinyesha barabara inakatika. Kwa hivyo kipimo kije kwetu. Wanaoomba kura huku wajibu hilo kwanza.

Wazee wangu, simkatazi mtu dua. Mimi mwenyewe nasomewa. Dua na kipimo havigombani.

Na sisi vijana: mtu akianguka, haitiki na hapumui vizuri, wacha maji. Mmoja aite usaidizi, mwingine abonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha.

Jamaa bado hajapimwa. Ijumaa kuna mechi. Nimemwambia hachezi, amekasirika, na wengine mnanicheka eti naogopa. Chekeni tu. Afadhali anuniwe mimi kuliko yeye tumzike.

Hospitali iliyo karibu nawe ina ECG inayofanya kazi? Nenda uulize, uniambie.