Herufi C si Kilo ya Sukari

Wadau, leo naichokoza hesabu ya kidato cha nne. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Tunajumlisha masomo saba: 7 hadi 17 divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili.

Nani katuambia herufi zinajumlishwa? Mwaka 1946 mwanasaikolojia S. S. Stevens alitenga ngazi nne za vipimo. Kilo unajumlisha. Daraja linakwambia nani katangulia tu, si kwa umbali gani. Na herufi zetu hazilingani: B ni alama 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64. Wa Mbagala mwenye 45 na wa Masaki mwenye 64 wote pointi 3. Wa Tandika mwenye 44 anapewa 4. Alama hiyo moja inaweza kumtoa mtoto kwenye 17 na kumtupa 18.

GPA ya 2014 nayo ilijumlisha herufi; 2016 tukarudi kwenye divisheni. Tumebadili gunia, mzigo uleule.

Mimi nasema: mpeni mtoto alama zake zenyewe, somo kwa somo. Mwenye hoja nyingine aje nayo, uwanja uko wazi.