Anayetawala na Atoe Sababu

Mwaka jana, siku ya soko, askari walikuja asubuhi na mapema wakabomoa vibanda vya akina mama wanaouza mboga kando ya barabara. Cha mama yangu kilikuwa kimojawapo. Alipouliza kwa nini, akajibiwa, "Amri ni amri, mama." Basi! Alirudi nyumbani na sukumawiki zake kwenye gunia. Mbao zilikwenda na lori.

Jioni hiyo nilikuwa na zoezi la Historia kuhusu wanafalsafa wa Ulaya. Kusema kweli, wazee wale nilikuwa nikiwakariri tu ili nipate alama. Siku hiyo niliwasoma kwa hasira, nikawaelewa. John Locke wa Uingereza aliandika mwaka 1689 kwamba kila mtu huzaliwa na haki zake, na kwamba serikali hupata uwezo kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Maneno hayo yalikuwa ya hatari, kwa maana wafalme wengi walidai wamewekwa na Mungu, kwa hiyo hawaulizwi kitu. Mwaka 1748 Montesquieu wa Ufaransa akaeleza kwamba anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayehukumu wasiwe mtu mmoja, kwa sababu mwenye mamlaka asiyezuiwa huyatumia vibaya. Mimi nikiyachuja hayo yote, naona limebaki neno moja: anayetawala atoe sababu, na sababu hiyo tuipime kwa akili.

Wako watakaosema, "Ah, hayo ni ya Wazungu!" Ni kweli wenyewe hawakuyafuata. Locke alikuwa na hisa katika kampuni iliyouza Waafrika utumwani, na Waingereza walitutawala bila kutuuliza. Lakini dawa haiachi kuwa dawa eti kwa kuwa mganga mwenyewe hainywi. Na je, wahenga wetu hawakusema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni?

Nchi yetu imewahi kuonja utawala usiotaka kuulizwa. Mwaka 1975 Masinde Muliro, mzalendo wa huku kwetu, aliachishwa uwaziri baada ya kupiga kura bungeni kuunga mkono ripoti kuhusu mauaji ya J. M. Kariuki. Wengine waliokosoa serikali waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 Kenya ikafanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria, hadi Desemba 1991 kifungu hicho kilipoondolewa. Muliro alikuwa miongoni mwa waliopigania vyama vingi.

Leo tunayo Katiba ya 2010. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 47 kinasema mtu akielekea kuumizwa na uamuzi wa wenye mamlaka, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kumbe! Na si maneno matupu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais uliofanywa tarehe 8 Agosti. Rais alisema hakubaliani na uamuzi huo, lakini akautii. Hapo ndipo nilipomwona Montesquieu akitembea Nairobi.

Basi nilimwandikia mama barua, tukataja kifungu hicho, akaipeleka ofisini mwenyewe. Karani alicheka. Wiki tatu baadaye jibu lilikuja, aya moja tu: vibanda vilikuwa vimeziba mtaro wa maji. Mbao hazikurudi. Lakini mama aliniambia, "Angalau sasa najua. Nikijua, naweza kujibu." Na kweli alijibu, akauliza mbona hawakupewa ilani. Jibu la pili tunalingoja mpaka leo.

Walimu wetu wapendwa, msinielewe vibaya. Sisemi mwanafunzi abishane na kila agizo. Nasema tu kwamba anayefukuzwa darasani asikilizwe kwanza, na aambiwe kosa lake kabla ya kushika njia ya nyumbani. Adhabu yenye sababu hufunza. Isiyo na sababu huzaa kinyongo.

Nanyi wanafunzi wenzangu, sheria hii inatubana sisi pia. Tukitaka kitu, tutoe sababu. Anayerusha jiwe dirishani hajatoa hoja yoyote, ameiga tu wale waliosema amri ni amri. Tuandike, tujadiliane, tuwatume viranja wetu kwa mwalimu mkuu wakiwa na hoja mkononi.

Haki isiyoulizwa hulala. Kuuliza si ujinga, na si utovu wa adabu. Kwa hayo machache, natia nanga.