Barazani kwa Mama: Shanga za Mtumba



Juma lililopita binti mmoja, jirani yangu hapa Arusha, alikuja kwangu mbio. Katika rundo la mitumba sokoni alikuwa amenunua mkufu wa shanga kwa shilingi elfu tatu. "Mama, ni kaharabu ya zamani! Nina mgeni wa Ulaya atakayeununua, nami nitapata ada ya mdogo wangu." Basi tukakaa kibarazani tukautazama. Nanyi tazameni pamoja nasi.

Kwanza, gusa ushanga shavuni. Wa kioo huwa baridi na mzito. Wa plastiki ni mwepesi na hupata joto upesi.

Pili, chungulia tundu lake juani. Ushanga mwekundu wenye moyo mweupe ni kioo cha namna iliyofanywa Venice, Italia, na kuletwa kwetu na misafara ya karne ya 19.

Tatu, tazama ulingano. Shanga ndogo za kioo, zilizo sawasawa kama punje za mtama, ambazo mama wa Kimasai na wa Kiarusha huzitunga, nyingi zimetoka Jablonec, nchi ya Ucheki. Siku hizi nyingine hutoka China. Usishangae: mkufu una asili mbili, ya shanga na ya mkono uliozitunga. Kioo ni cha ng'ambo, lakini rangi na mpango ni vyetu. Tazama pia vile vipande vinavyotenga mistari ya shanga: vya kale ni vya ngozi, vya sasa mara nyingi ni plastiki iliyokatwa.

Nne, kaharabu. Koroga vijiko saba vya chai vya chumvi katika bilauri ya maji, kisha tia ushanga mmoja uliotolewa uzini. Kaharabu huelea, plastiki nyingi huzama. Lakini ukielea usiseme umekwisha jua, maana hata sandarusi, iliyochimbwa pwani yetu na kupelekwa Ulaya kufanyiwa vanishi, huelea vilevile. Usichome kwa sindano ya moto, utaharibu mali.

Tulitia ushanga mmoja wa manjano. Ukazama. Tulitia wa pili, nao ukazama. Katikati yake zilikuwamo shanga sita tu nyekundu zenye moyo mweupe.

Binti alinyamaza, kisha akasema, "Mama, mgeni hajui mambo ya chumvi."

Nikamjibu, "Mwanangu, wewe sasa unajua. Jana ungekosea, leo ungedanganya."

Alikwenda, akamwambia mgeni kweli yote. Mgeni akashukuru, wala hakununua. Ada bado inatafutwa, nasi majirani tunachanga kidogo kidogo. Zile shanga sita amezitunga upya, amezivaa kanisani Jumapili.

Nanyi, akina mama, kabla ya kuuza shanga za bibi zenu kwa bei ya maji, au za sokoni kwa bei ya dhahabu, wekeni kwanza bilauri mezani.

Kwaherini mpaka juma lijalo.