Kioo Kikubwa Hakitoshi, Kifungwe Vizuri

Mwenye boti ndogo anayenunua kifaa cha kutafutia samaki huangalia kwanza ukubwa wa kioo, kumbe faida yake inategemea zaidi namna kilivyofungwa. Kihisi chake kilicho chini ya boti hutuma sauti, ambayo baharini husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, kisha hupokea mwangwi wake. Mapovu ya panga la injini huuvuruga mwangwi huo, hivyo kihisi kikae pembeni, penye maji yaliyotulia. Kioo nacho kifungwe kwenye dashibodi mbele ya nahodha, lakini mbali na dira, kwani umeme wake unaweza kuipotosha. Waya uwekewe fyuzi karibu na betri.

Wapo wanaosema wazee walivua bila mitambo, tena kifaa hiki kitamaliza samaki. Ujuzi wa wazee ni hazina, lakini kifaa hicho hicho huonyesha kina cha maji, na usiku kwenye miamba ya kisiwa cha Mafia jambo hilo huokoa maisha. Hofu ya pili ina msingi, ila dawa yake ni kusimamia nyavu na misimu ya kuvua. Wenye boti, msimlipe fundi anayekifunga kifaa hiki kabla kazi yake haijajaribiwa majini.