Azimio ni Deni

Kuinua mkono mkutanoni ni kazi nyepesi. Kazi nzito huanza baada ya mkutano, pale uamuzi unapodai malipo yake. Historia ya nchi yetu inao mfano ambao kila mwananchi anastahili kuufahamu.

Tarehe 11 Novemba, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa bandia huko Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ili Waafrika walio wengi waendelee kutawaliwa na wazungu wachache. Mapema mwezi uliofuata, Baraza la Mawaziri la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lilikutana Addis Ababa. Liliazimia kwamba iwapo Uingereza haitakuwa imeukomesha uasi huo ifikapo tarehe 15 Desemba, nchi wanachama zivunje uhusiano wa kibalozi nayo.

Siku ilipowadia, nchi zilizotekeleza azimio hilo hazikufika hata theluthi moja ya wanachama. Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Siku moja kabla, Mwalimu Julius Nyerere alilieleza Bunge kwamba jambo lililokuwa mizanini ni heshima ya Afrika. Malipo hayakukawia: mkopo wa Uingereza wa paundi milioni 7.5, fedha ambazo nchi changa ilizihitaji sana, ulizuiwa. Uhusiano haukurejeshwa hadi mwaka 1968.

Wapo watakaouliza: je, uamuzi ule ulimng'oa Smith? Haukumng'oa. Zimbabwe ilipata uhuru wake tarehe 18 Aprili, 1980, baada ya vita vya ukombozi vilivyomwaga damu nyingi. Hata hivyo, neno la Tanzania lilibaki kuwa neno, na wapigania uhuru walijua ni nani wa kumtegemea. Tena taifa lilipata somo: anayeishi kwa fedha za mwingine huamua kwa ruhusa ya mwingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipokataa kuzifanya fedha za kigeni kuwa msingi wa maendeleo, lilitamka jambo ambalo wananchi walikuwa wamekwisha kulionja.

Hatusemi kwamba kila uamuzi mgumu ni uamuzi sahihi. Tunasema gharama yake ijulikane mapema. Kiongozi hana haki ya kuwaficha wananchi gharama hiyo, kwa sababu walipaji wa mwisho ni mkulima na mfanyakazi. Nao wananchi, wakisha kuelezwa na kukubali, hawana haki ya kuukimbia mzigo. Kijiji kikiazimia kwa kauli moja kujenga darasa, kisha siku ya kufyatua matofali wakatokea watu watano, kijiji hicho hakikuamua lolote. Kilipiga makofi tu.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Azimio ni deni kubwa zaidi, maana wanaodaiwa ni wengi na kila mmoja hudhani mwenzake atalipa. Basi kabla ya kuinua mkono, kila mmoja wetu hana budi kujiuliza kama yu tayari kubebea mzigo kwa mkono huo huo.