Mkono wa Pili
Vijana wanaojifunza kukwaruza santuri hukodolea macho mkono mmoja tu, ule unaosukuma sahani mbele na nyuma. Kazi yenyewe iko mkono wa pili, kwenye swichi ya miksa inayotelezeshwa kukata na kurudisha sauti. Mkwaruzo wa kwanza, ule unaohusishwa na DJ Grand Wizzard Theodore wa Bronx, New York, miaka ya 1970, hauhitaji swichi. Lakini ukikata sauti kila santuri inaporudi nyuma, kelele inaanza kusema. Madoido ya gwiji wa kukwaruza DJ Qbert yasubiri (na deki ya bei mbaya pia). Weka mdundo wa polepole, bandika stika kwenye lebo ujue sauti inapoanzia, kisha kwaruza mpaka jirani agonge mlango.