Ufuta Wapita, Mwenye Ufuta Je?

Ndugu wanachama, imekuwa desturi miongoni mwetu kudhani ya kuwa mkataba wa biashara ni jambo la forodha tu, na kwamba habari za wageni ni za afisi ya uhamiaji. Sisi twaona sivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyotiwa sahihi mwaka 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imeweka katika karatasi moja bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji, pamoja na haki ya mtu kufungua kazi yake katika nchi mwanachama nyingine. Aliyeikubalia bidhaa amemkubalia mtu pia, ingawa kila nchi ilijiwekea mipaka yake katika majedwali.

Mwezi wa Julai 2025 Serikali ilitoa amri kuwakataza wasio raia biashara za namna 15, mojawapo ikiwa kununua mazao shambani. Kenya ililalamika, ikisema ya kuwa amri hiyo yapingana na Itifaki. Kwetu Nachingwea na Ruangwa shauri hili si la mbali, maana ufuta, mbaazi na korosho ndizo bati za nyumba na daftari za watoto.

Hatulikatai kusudi la amri. Lakini twauliza: ni nani amwoneaye mkulima wa huku? Mazao hukusanywa na vyama vya msingi, yakauzwa kwa mnada chini ya chama kikuu cha RUNALI. Apitaye kando ya njia hiyo ni kangomba, aingiaye vijijini na bakuli lake wakati wa njaa, akanunua korosho zingali mtini. Na kangomba tumjuaye sisi ni mjomba wa mtu, raia mwenzetu, ahudhuriaye misiba yetu. Amri ya pasipoti haimfikii.

Tena yuko jirani wa Msumbiji. Wamakua na Wamakonde walivuka Ruvuma kuja kukata mkonge wa Lindi zamani sana kabla ya mikataba hii, na tangu mwaka 2010 liko Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Walakini Msumbiji haimo katika Jumuiya yetu. Ni mwenzetu katika SADC, ambamo itifaki ya biashara hufanya kazi, ilhali ile ya watu, ya mwaka 2005, kwa miaka mingi ilikosa nchi za kutosha za kuithibitisha. Gunia lasamehewa ushuru, mwenye gunia hana haki ya kukaa. Karani asiyejua tofauti hiyo atawapima Mkenya na Mmsumbiji kwa pishi moja, naye hana budi kumdhulumu mmoja wao.

Wenzetu wasemao kwa ukali juu ya wageni na wakumbuke ya kuwa sharti la wafanyakazi katika Itifaki haligusi utumishi wa serikali, ila nchi yenyewe ikiruhusu. Kiti chetu kimelindwa. Basi ni rahisi kwetu kuamua juu ya kibanda cha mwingine. Na vijana wetu waliofungua kazi Nairobi wategemea Itifaki ile ile.

Rai yetu ni kwamba, ikiwa Serikali yataka kuwawekea raia biashara fulani, ilipeleke jambo hilo mezani kwa Jumuiya majedwali yarekebishwe waziwazi, na kangomba atafutwe kwa tendo lake. Twaiomba na kamati iweke nakala ya Itifaki na ya amri ya 2025 katika vyumba vyetu vya mikutano, Nachingwea na Ruangwa, kabla ya mnada wa kwanza wa ufuta.